Sura ya Nne: Mbaraka Mwinshehe Alipiga Jazz Gani?

Swali hili huibuka kila redio inapofungulia nyimbo za zamani. Kama Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Dar es Salaam Jazz zilikuwa bendi za jazz, mbona muziki wao haufanani na jazz ya Wamarekani? Kijana wa leo ana simu mkononi. Anamsikiliza Louis Armstrong, mzaliwa wa New Orleans, tarumbeta likipaa juu ya piano. Kisha anamsikiliza Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, magitaa yakijibizana na mwimbaji akilalama kwa Kiswahili. Anatikisa kichwa na kusema wazee walijipachika jina la watu.

Jina ni kweli waliliazima. Kazi yenyewe hawakuiazima. Namna mwanamuziki wa Morogoro alivyojifunza, alivyoshindana, alivyosafiri na alivyolipwa inafanana mno na maisha ya wapiga blues na jazz wa ng'ambo, hata pale ambapo sauti za ala hazifanani. Sura hii inafuata maisha ya Mbaraka ili tuone kufanana huko. Na kwa kuwa kitabu hiki kinasomwa pia Kisesa, Usukumani, tutapitia mahali ambapo watu wa Kisesa wanapajua kuliko wengi wetu: uwanja wa ngoma wa Bujora.

Blues ni nini, na jazz ni nini?

Blues ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani. Ulichipuka mwishoni mwa karne ya 19, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Wengi wa waliouanzisha waliishi katika mashamba ya pamba ya Mississippi na majimbo jirani. Walikuwa huru kwa sheria, lakini ardhi ilikuwa ya tajiri. Mkulima alilima, akagawana mavuno na mwenye shamba, na hesabu ilipopigwa mara nyingi alijikuta bado anadaiwa.

Watu hao waliimba wakiwa kazini. Mmoja alianzisha, wenzake wakaitikia. Uimbaji huo ulipohamia kwenye gitaa ukawa blues: mwimbaji anatoa mstari, anaurudia, kisha anautolea jibu, na kila anaponyamaza kuvuta pumzi gitaa linaingia kusema lake. B.B. King, mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa blues, alizaliwa Mississippi mwaka 1925, na kabla ya kujulikana alichuma pamba na kuendesha trekta shambani.

Jazz ilikulia mjini, hasa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Ilibeba uchungu wa blues, ikaongeza matarumbeta ya bendi za gwaride, na ikaweka sharti moja: mpigaji akipewa nafasi yake, abuni papo hapo. Wimbo uliopigwa Ijumaa hautakuwa uleule ukipigwa Jumamosi.

Tuchukue alama tatu ambazo zitatusaidia mbele ya safari:

1. Kuitana na kuitikiana: sauti kwa sauti, au sauti kwa ala.
2. Kubuni papo hapo mbele ya watu.
3. Kupigia wachezaji. Jazz ya mwanzo haikuwa ya kusikilizwa kwenye viti. Ilikuwa ya kuchezwa.

Uwanja wa Bujora

Usukumani nako ni nchi ya pamba. Zao hilo ndilo lililojenga nguvu ya ushirika Kanda ya Ziwa, hata mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa Victoria Federation chini ya Paul Bomani. Tofauti na Mississippi ni kubwa, na haifai kuifunika: mkulima wa Magu alilima shamba lake mwenyewe. Lakini naye aligundua kwamba jembe linakuwa jepesi likienda na wimbo. Ndiyo asili ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Kundi la wakulima linaalikwa kwenye shamba la mtu, ngoma zinapigwa, na safu nzima inainua na kushusha majembe kwa mdundo mmoja. Kiongozi anatoa wimbo, safu inaitikia. Humo ndani mna sifa, kejeli, malalamiko na habari za kijiji.

Kisha kuna mashindano. Pale Bujora, kando ya Kisesa, Padri David Clement kutoka Canada alianzisha kituo na makumbusho ya Wasukuma, na kila mwezi Juni hufanyika sherehe ya Bulabo. Hapo hukutana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyogawa wachezaji wa Usukumani kama Simba na Yanga zinavyogawa mashabiki wa mpira. Mapokeo yanasema vilianzia kwa mabingwa wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nani ana dawa kali zaidi, wakaamua ubishi wao ukatwe kwa ngoma.

Kanuni ya ushindi ni rahisi na haina huruma. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, halali usingizi msimu ukikaribia. Anatafuta wimbo mpya na kituko kipya. Mwingine anakuja na chatu begani, mwingine na nungunungu. Wimbo wa mwaka jana hauwezi kumtetea mwaka huu.

Aliyewahi kusimama Bujora, akahama upande mmoja kwenda wa pili kwa sababu ngoma ya kule imechangamka, tayari anaelewa sehemu kubwa ya historia ya bendi za jazz za Tanzania.

Jina la jazz lilivyofika

Kabla ya magitaa kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride iliyoiga bendi za kijeshi, kwa matarumbeta, sare na vyeo. Ilienea kutoka pwani hadi bara, nayo pia ilikuwa ya mashindano: kila mji uliokuwa na kundi moja la beni ulitafuta la pili la kupambana nalo.

Mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza, His Master's Voice, ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri zilizoitwa G.V. Nyingi zilikuwa na muziki wa Cuba: magitaa, manyanga, tarumbeta na mapigo ya rumba. Masikio ya watu wa huku hayakuona ugeni mkubwa, kwa kuwa mapigo hayo yalikuwa yamevuka bahari na watumwa kutoka Afrika na sasa yalikuwa yanarudi. Vijana wa mijini waliyashika upesi.

Katika miaka hiyo ya 1930 Dar es Salaam ilikuwa tayari na Dar es Salaam Jazz. Neno jazz lilikuwa bango. Lilimwambia mpita njia kwamba hapa hakuna ngoma ya jando wala taarabu. Kuna magitaa, kuna tarumbeta, kuna dansi ya wawili wawili ukumbini, njoo umevaa. Kongo walifanya vivyo hivyo: bendi ya Franco iliyoanza mwaka 1956 iliitwa OK Jazz, nayo ilipiga rumba.

Bendi nyingi za mwanzo zilikuwa vilabu vya wanachama, watu wa kazi mbalimbali waliochanga fedha kununua vyombo na kupiga dansi jioni na mwisho wa wiki. Na kama ilivyokuwa kwa beni, bendi zilizaliwa mapacha wenye uhasama:

- Dar es Salaam: Dar es Salaam Jazz na Western Jazz.
- Tanga: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz.
- Morogoro: Morogoro Jazz na Cuban Marimba.

Kila bendi ilikuwa na mtindo, yaani mapigo na uchezaji wenye jina lake. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Shabiki hakusema tu kwamba anapenda muziki. Alisema yeye ni wa mtindo gani. Badilisha Saboso na Msondo kwa Bagika na Bagalu, nawe utakuwa bado uwanja uleule.

*Kwa ufupi: jina lilitoka Marekani, mapigo yalipitia Cuba na Kongo, na roho ya ushindani ilikuwa ya hapa hapa.*

Mji mmoja, mabingwa wawili

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo, kwa bahati, ndio ilipoundwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ingejulikana dunia nzima kwa sababu yake.

Morogoro ilikuwa mji wa kufaa kwa kijana mwenye sikio. Reli ya kati inapita hapo, mashamba ya mkonge yalikuwa jirani, na watu wenye mishahara walitaka pa kwenda Jumamosi. Lakini neema kubwa zaidi ilikuwa mpinzani. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa ameijenga Cuban Marimba ikawa mojawapo ya bendi zilizopendwa sana nchini. Aliipenda Cuba kiasi cha kuibandika kwenye jina la bendi. Mmoja wa nyimbo zake uliitwa "Ngoma Iko Huku", na jina hilo peke yake linatosha kumwonyesha msomaji wa Kisesa kilichokuwa kikiendelea: bingwa anawaita watu wahame upande wa pili waje kwake.

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba haikuzimika. Juma Kilaza alishika usukani na uhasama ukaendelea. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ndipo Mbaraka alipoacha shule akiwa sekondari na kuingia Morogoro Jazz.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na nchi changa ilikuwa na njaa ya vijana waliosoma. Aliyefika sekondari wakati ule alikuwa na kazi ya ofisini inayomngoja. Mzazi yeyote angeuliza: gitaa litakulisha nini? Mzazi wa B.B. King angeuliza hivyohivyo, na wazazi wa Usukumani waliwauliza mamanju. Muziki uliheshimiwa usiku na kutiliwa shaka asubuhi.

Gitaa lake lilifanya nini

Ili kumsikia Mbaraka vizuri, lazima tujue bendi yake ilivyopangwa. Gitaa la besi linatembea chini likishika mapigo pamoja na ngoma. Gitaa la ridhimu linarudia mkato mmoja bila kuchoka ili wachezaji wasipotee. Juu yao linakaa gitaa la solo, ambalo kazi yake ni kuzungumza. Mbaraka alikuwa mpigaji wa solo, mwimbaji na mtunzi, vyote kwa pamoja. Wapenzi wake walimwita Soloist National.

Nyimbo nyingi za enzi hiyo zina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha maneno. Kinakwenda taratibu, kisa kinasimuliwa, na wachezaji wanasogea polepole. Kipande cha pili ndipo muziki unapochemka. Maneno yanapungua, magitaa yanashika hatamu, saksafoni au tarumbeta linajibu, na ukumbi unajaa. Santuri ilikuwa na dakika chache tu kila upande, lakini ukumbini mchemko uliendelea kadiri watu walivyotaka.

Rudi kwenye zile alama tatu. Sauti ya Mbaraka inatoa mstari, gitaa linaujibu: hiyo ni alama ya kwanza. Muziki ukichemka, mpigaji wa solo anaangalia sakafu. Anaona miguu imelegea, anabadilisha mkato. Anaona imeamka, anaurudia na kuuongeza chumvi. Hiyo ni ya pili. Na ya tatu haina haja ya kuelezwa, kwa sababu bila wachezaji bendi isingekuwepo. Mtu aliyekataa kuuita muziki huu jazz kwa sababu haukuwa na piano alikuwa akitazama fanicha za nyumba na kusahau watu waliomo.

Utunzi wake nao ulikuwa wa karibu na maisha. Aliimba mapenzi, kama kila mwanamuziki, lakini pia alikuwa mwandishi wa habari kwa gitaa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima katika mgogoro wa shamba. Mbaraka alimwimbia wimbo wa maombolezo. Katika nchi ambayo magazeti hayakufika vijijini kwa wakati, wimbo uliopigwa na Radio Tanzania ulifika hata pale ambapo gari halikufika. Nyimbo zake za shida, za mahusiano, za mshamba aliyeingia mjini, ziliwafanya mtu wa Magu na mtu wa Mombasa wahisi kwamba zimetumwa kwao.

Hilo pia ni la blues. Mwimbaji wa blues anasema "mimi", na msikilizaji anasikia "sisi".

Osaka, Volcano na Mombasa

Mwaka 1970 Japani iliandaa maonyesho ya dunia katika jiji la Osaka, yaliyoitwa Expo 70. Tanzania ilipeleka Morogoro Jazz. Vijana wa mji wa mkonge na reli wakapanda ndege kwenda kupigia dunia, na Mbaraka akarudi na wimbo kuhusu safari hiyo. Kwa bendi ya mkoani, hiyo ilikuwa heshima ambayo bendi nyingi za mji mkuu hazikuipata.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Tuielewe hatua hiyo kwa kuangalia wenzake walikuwa wapi. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi:

- NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo mama wa Msondo Ngoma ya leo.
- Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala.
- Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki.
- Polisi, Jeshi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao.

Faida ya mpango huo ilikuwa mshahara. Mwezi ukiisha, mpiga gitaa alipanga foleni pamoja na mfanyakazi wa kiwandani. Hasara yake ni kwamba vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akigombana na uongozi, aliondoka na vidole vyake tu. Kuanzisha bendi yako mwenyewe katika nchi ambamo gitaa la umeme na vipaza sauti viliagizwa nje kwa fedha za kigeni kulikuwa kujitosa kwenye kina kirefu. Mbaraka alijitosa, na Super Volcano ikaelea. Wimbo wake "Shida", wa miaka ya mwisho ya maisha yake, ulipendwa Tanzania na Kenya, na hadi leo ukipigwa kwenye sherehe ya watu wazima hakuna anayebaki amekaa.

Januari 1979, akiwa Mombasa, alipata ajali ya gari na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Salum Abdallah, ajali ya gari, 1965. Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari, 1979. Huko Marekani, Bessie Smith, mwimbaji aliyepewa taji la blues katika miaka ya 1920, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi, mwaka 1937. Hii si mikosi ya nyota. Ni hatari ya kazi. Mwanamuziki wa dansi analipwa kwa usiku mmoja, na usiku wa pili uko mji mwingine. Anasafiri gizani akiwa amechoka, kwenye gari lililojaa vyombo. Kila aina ya kazi ina ajali zake: mvuvi wa Ziwa Victoria ana dhoruba, mchimbaji wa Geita ana kifusi, mpiga gitaa ana barabara.

*Kwa ufupi: katika miaka chini ya 15 ya kazi, Mbaraka alitoka shule ya sekondari hadi jukwaa la dunia, akaacha bendi iliyomlea, akajenga yake, na kufa akiwa kileleni.*

Kama nyimbo zilipigwa kila mahali, nani alilipwa?

Hili ni swali la pili ambalo wasomaji hawaachi kuuliza. Kulijibu kunahitaji tutenganishe vitu vitatu vinavyochanganywa mara nyingi.

*Dansi.* Watu walilipa kiingilio mlangoni. Kutoka hapo alilipwa mwenye ukumbi, zikatolewa gharama za usafiri, na kilichobaki kikagawanywa kwenye bendi yenye watu wengi. Bendi zilijua pia kusoma kalenda ya mkulima. Pamba, kahawa au tumbaku ikiuzwa, fedha zilikuwepo mikononi, na huo ndio ulikuwa wakati wa kuzunguka mikoani. Baada ya hapo kulikuwa na miezi ya ukame.

*Redio.* Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi nyingi na kuzifikisha kila kona. Kwa umaarufu, hakuna kilichoizidi. Lakini umaarufu wa redio ulimlipa mwanamuziki kwa njia ya mzunguko: wimbo ulisikika Mwanza ili bendi ikija Mwanza ukumbi ujae. Kanda yenyewe ilibaki maktaba ya redio.

*Santuri.* Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea Nairobi, kwenye makampuni na mitambo. Faida ya santuri inategemea mkataba, na hapa ndipo penye neno la kulijua: mirabaha. Hayo ni malipo anayopata mtunzi kila kazi yake inapouzwa au kutumiwa hadharani, tofauti na malipo ya mkupuo, ambapo unalipwa mara moja na habari inaishia hapo. Bessie Smith aliiuzia kampuni yake santuri kwa wingi uliowashangaza wazungu, naye alilipwa kwa mkupuo kila wimbo, bila mirabaha. Alipokufa, kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1970. Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki walipita mlango huohuo mwembamba. Waliweka sahihi wakiwa na haraka ya nauli.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na chini yake ikaundwa COSOTA, chombo cha kusimamia haki za watunzi. Ilikuwa miaka 20 kamili baada ya kifo cha Mbaraka.

Jibu la swali

Basi, Mbaraka Mwinshehe alipiga jazz gani? Tukipima kwa ala na mapigo, alipiga muziki wa dansi wa Tanzania, wenye damu ya Cuba na Kongo, na hakuna sababu ya kuuita kitu kingine. Tukipima kwa kazi, alikuwa mwanamuziki wa jazz kamili. Aliitana na gitaa lake, alibuni mbele ya macho ya watu, alipigia miguu inayocheza, alishindana na mpinzani wa mtaa wa pili, aliishi barabarani, na matunda ya santuri zake yalipita mikononi mwa wengi kabla ya kufika kwake.

Mambo ya kushika kutoka sura hii:

- Ushindani ndio uliokuza ubora. Bila Cuban Marimba, Morogoro Jazz isingefika ilipofika. Bagika na Bagalu wanalijua hilo tangu enzi za mababu.
- Mwanamuziki ni mfanyakazi. Ana vifaa, ana mwajiri, ana hatari za kazi, na anastahili malipo yanayoandikwa.
- Umaarufu na kipato ni vitu viwili. Redio inatoa cha kwanza. Mkataba ndio unaotoa cha pili.

Manju wa Kisesa leo yuko pale alipokuwa Mbaraka mwaka 1965, ila kwa vifaa vipya. Wimbo wake unarekodiwa kwa simu uwanjani, kesho unasikika kwenye bodaboda za Igoma na kwenye maduka ya Mwanza mjini, na aliyeurekodi ndiye anayeuza. Kwa hiyo, wewe unayetunga, andika jina lako na tarehe kwenye kila wimbo, na uusajili COSOTA kabla hujaupeleka Bulabo. Wewe unayemwalika msanii kwenye harusi au mkutano, mpe mkataba wa karatasi, hata wa ukurasa mmoja, na umlipe kabla ya kupanda jukwaani. Na wewe unayesikiliza tu, jifunze jina la mtunzi na ulitaje, kwa sababu haki ya mtunzi asiyejulikana jina hudaiwa na mtu mwingine.